Bonaire: Kisiwa cha Chumvi Kilivyogeuka Kisiwa cha Wazamiaji

Bonaire ni kisiwa cha Bahari ya Karibi chenye ukubwa wa kilomita za mraba 288, kilicho kilomita 80 hivi kaskazini ya pwani ya Venezuela. Kiko chini ya Uholanzi, wenyeji wake zaidi ya 24,000 huzungumza Kipapiamentu, na vibao vya nambari za magari yao vimeandikwa kwamba hapo ni pepo ya wazamiaji. Majigambo hayo hayana umri mkubwa. Mwaka 1960 kisiwa kilikuwa na watu elfu sita hivi, na kwa miongo kadhaa kabla ya hapo vijana wake walikuwa wakivuka kwenda kutafuta kazi kwenye viwanda vya kusafisha mafuta vya Curaçao na Aruba. Hakuna aliyekuwa amefikiria kwamba kutumbukia baharini na mtungi wa hewa mgongoni kungekuja kuwalisha watu.

Mambo yaliyokifanya kisiwa hiki kidharauliwe kwa karne nne ndiyo yaliyokuja kukitajirisha. Upepo huvuma kutoka mashariki karibu mwaka mzima, ukiiacha pwani ya magharibi, upande wa demani, ikiwa shwari. Kwa kawaida mvua haizidi nusu mita kwa mwaka na hakuna mto, kwa hiyo hakuna tope linalomwagikia baharini, na mtu aliye chini ya maji huweza kuona umbali wa mita 20 hadi 30. Pwani haina eneo refu la kina kifupi la kuogelea kwanza: mwamba wa matumbawe huanza hatua chache kutoka nchi kavu, hutelemka polepole hadi mita kumi hivi, kisha huporomoka. Katika visiwa vingi mzamiaji lazima apande mashua ndipo aufikie mwamba. Huko Bonaire huufikia kwa miguu yake.

Wenyeji wa kale walikuwa Wakaketio, waliovuka kutoka bara la Amerika Kusini yapata miaka elfu moja iliyopita. Wahispania walifika mwaka 1499. Hawakuona dhahabu, hawakuona ardhi ya kulima, na wakakiandika kisiwa hiki pamoja na jirani zake Curaçao na Aruba katika kundi la visiwa visivyofaa kitu. Mwaka 1515 waliwakamata Wakaketio na kuwapeleka Hispaniola kufanya kazi kama watumwa. Baadaye walileta ng'ombe, mbuzi na punda, wakawaacha wajilishe wenyewe. Wanyama hao walikula majani mengi kuliko mvua ilivyoweza kuyarudisha, na uoto wa Bonaire haujapona mpaka leo.

Waholanzi walikitwaa kisiwa mwaka 1636 kwa sababu moja, nayo ni chumvi. Samaki aina ya heringi waliolisha Uholanzi hawakuweza kuhifadhiwa bila chumvi, na vita na Uhispania vilikuwa vimewafungia njia ya chumvi ya Rasi ya Iberia. Kusini ya Bonaire ni tambarare, karibu sawa na usawa wa bahari. Maji ya bahari yakiingizwa kwenye mabwawa yenye kina kifupi, jua na upepo humaliza kazi. Iliyobaki ilikuwa ya mikono, na mikono hiyo ilikuwa ya Waafrika waliotumikishwa na Kampuni ya Uholanzi ya India Magharibi, na baadaye na serikali yenyewe. Walivunja tabaka la chumvi, wakaichota, wakaibeba hadi ufukweni. Mwangaza wa weupe ule uliwaumiza macho na maji ya chumvi yaliwachubua miguu. Familia zao ziliishi Rincon, kijiji cha bondeni kaskazini, na wafanyakazi walitembea saa nyingi kwenda nyumbani mwisho wa juma na kurudi kazini.

Mabaki ya kazi hiyo yangali wima, na hakuna mzamiaji anayeendesha gari kwenda kusini asiyeyapita. Kwenye miaka ya 1830 ilijengwa minara ya mawe, mmoja kwa kila rangi, ili manahodha wajue watie nanga wapi: bendera ya rangi ileile ikipandishwa, meli ilijua chumvi yake iko bwawa gani. Yapata mwaka 1850 vikaongezwa vibanda vya mawe vya kulala watumwa. Vibanda hivyo havifiki kifua cha mtu mzima kwenye mlango. Aliyeingia aliinama au alitambaa, na ndani hapakuwa na nafasi ya zaidi ya kulala na kuweka mzigo. Utumwa ulifutwa tarehe 1 Julai 1863. Bila kazi ya bure chumvi haikulipa tena, na miaka michache baadaye serikali ilipiga mnada sehemu kubwa ya ardhi ya kisiwa. Walioachwa huru hawakuwa na uwezo wa kuinunua. Leo mbele ya vibanda hivyo kuna sehemu mbili za kuzamia zinazojulikana sana, na watu huvaa mapezi yao mita chache kutoka kwenye milango ile.

Kuzamia kwa ajili ya kutazama kulianza na mgeni mmoja. Mwaka 1939 Hans Hass, mwanafunzi kutoka Vienna, alifika Curaçao na Bonaire pamoja na wenzake wawili wakiwa na kamera walizozifungia ndani ya vikasha visivyoingiza maji. Hawakuwa na mitungi ya hewa. Walizama kwa pumzi ya vifua vyao, wakiwinda samaki kwa mikuki na kuwapiga picha. Vita Kuu ya Pili ilipozuka wakiwa huko, iliwabidi warudi kwao kwa kuzunguka kupitia Marekani, Bahari ya Pasifiki na Siberia. Filamu fupi iliyotokana na safari hiyo, Pirsch unter Wasser, ilioneshwa mwaka 1940, nacho kitabu cha Hass kikafuata. Kwa watazamaji wengi wa Ulaya hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuona mwamba wa matumbawe kutoka ndani ya maji. Mtambo uliofanya mambo haya yawezekane kwa mtu wa kawaida, yaani kidhibiti kinachompa mzamiaji hewa kwa kadiri anavyoivuta, ulitengenezwa Ufaransa na Jacques Cousteau na Émile Gagnan mwaka 1943.

Hoteli ya kwanza ya Bonaire nayo ni mtoto wa vita hiyo. Ujerumani ilipoivamia Uholanzi mwezi Mei 1940, Wajerumani waliokuwa katika visiwa vya Uholanzi vya Karibi walikamatwa, pamoja na watu wengine waliotiliwa shaka, wakawekwa kizuizini katika kambi iliyojengwa ufukweni mjini Kralendijk. Kambi ilidumu hadi mwaka 1947. Mabanda yalikuwa mazuri, yalikuwa kando ya maji, na kisiwa hakikuwa na mahali pa kulaza wageni; basi yakapakwa rangi, yakaitwa Hotel Zeebad. Mahali hapohapo ndipo ilipo hoteli ya Divi Flamingo, mojawapo ya hoteli kubwa za wazamiaji kisiwani. Ni mara chache kuona jela ikiwa chimbuko la biashara ya likizo, lakini kisiwa maskini hakitupi banda.

Tarehe 21 Mei 1962 merikebu ya tanga iitwayo Valerie Queen ilitia nanga Kralendijk kuchukua maji. Nahodha wake alikuwa Don Stewart, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1925, ambaye alipenda kusimulia kwamba mfukoni alikuwa na senti 63. Alibaki kisiwani hadi alipofariki mwaka 2014. Riziki yake ya mwanzo haikuwa ya kupendeza kwa macho ya leo: alikamata samaki wa rangirangi na kuwauza Marekani kwa ajili ya matangi ya vioo, na wageni wachache waliomfuata walikuwa wawindaji waliotaka bunduki za mishale. Likizo ya kuzamia ya miaka ya 1960, Bonaire na kwingineko Karibi, ilikuwa likizo ya kuwinda. Bob Soto alikuwa amefungua duka la wazamiaji Grand Cayman mwaka 1957, na biashara hiyo ilikuwa changa kiasi kwamba wateja wengi walijifunzia kuzamia palepale.

Mgeuko ulikuja haraka kuliko mtu angetazamia kwenye kisiwa chenye wageni wachache hivyo. Sheria ya kulinda mayai na viota vya kasa ilikuwa imeshatungwa mwaka 1961. Mwaka 1969 shamba kubwa la Washington, kaskazini, lilifunguliwa kuwa hifadhi ya taifa ya nchi kavu; mwenye shamba alikuwa ameliuza kwa serikali kwa sharti kwamba lisijengwe kamwe. Mwaka 1971 uvuvi wa mishale ulipigwa marufuku. Mwaka 1975 ikawa kosa kuvunja au kuchukua tumbawe, liwe hai au limekufa. Stewart, ambaye aliona samaki wakubwa wakipungua mbele ya macho yake, alikuwa miongoni mwa waliopigania makatazo haya kwa kelele nyingi, na mwaka 1976 alifungua hoteli yake ya Habitat, iliyojengwa kwa ajili ya wazamiaji tu. Muhimu ni mpangilio wa miaka. Kwingi duniani hifadhi hutangazwa baada ya umati kufika na kuharibu. Hapa makatazo yalitangulia, wakati gharama yake ya kisiasa ilikuwa ndogo na hoteli zilihesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Adui aliyefuata alikuwa nanga. Kila mashua iliyopeleka wazamiaji ilitupa chuma juu ya mwamba, na kila mnyororo uliokokotwa mashua ikisukumwa na upepo ulisaga matumbawe yaliyochukua miongo kukua. Stewart na wenzake walianza kufunga maboya ya kudumu: kamba iliyoshikamana na uzito au tundu lililotobolewa sakafuni, juu kukiwa na boya la mashua kujifunga. Kutupa nanga kukakatazwa. Makumi ya sehemu za kuzamia, ambazo leo ni zaidi ya 80, zilipewa majina, na zile za kuingilia kutoka nchi kavu ziliwekewa alama ya mawe yaliyopakwa rangi ya manjano kando ya barabara, jina likiwa limeandikwa juu ya jiwe.

Jiwe hilo la manjano ndilo lililounda desturi ya likizo ya Bonaire kama inavyojulikana. Mgeni hukodi pikapu, si gari dogo. Asubuhi hupitia kwenye dirisha la duka la wazamiaji, hupakia mitungi minne au sita nyuma, hupima hewa iliyomo, kisha huendesha mpaka aone jiwe analolitaka. Huegesha kando ya njia na kuacha vioo wazi na mlango bila kufunga; wenyeji na wenye maduka humwambia asiache kitu ndani wala asifunge gari, kwa kuwa mwizi atavunja kioo kutafuta ambacho hakipo. Huvaa viatu vya soli ngumu kwa sababu ufuko ni mawe ya matumbawe, si mchanga, huingia kinyumenyume au kwa kushikana mkono na mwenzake, na baada ya dakika chache yuko juu ya poromoko. Kanuni ya kawaida ni kuanza kwa kwenda kinyume na mkondo na kurudi nao, hewa ikiwa imebaki nusu. Mahali paitwapo Ngazi Elfu pana ngazi sabini hivi tu. Hesabu iliyomo kwenye jina ni ya mtu anayezipanda akitoka majini na mtungi mgongoni. Usiku gati la mjini hutembelewa kwa sababu ya matumbawe ya rangi ya chungwa yanayofunguka kwenye nguzo zake gizani. Siku ya mwisho hakuna anayezama. Naitrojeni iliyoyeyuka mwilini huhitaji muda kutoka, na aliyezama mara nyingi hushauriwa kungoja angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege. Siku hiyo ndiyo watu huiona Rincon, heroe wa mabwawa ya kusini na punda waliobaki tangu enzi za chumvi.

Chumvi yenyewe ilirudi katika miaka ya 1960, safari hii kwa mitambo. Kampuni ilipochimba mabwawa mapya ilitenga eneo la heroe kuzaliana, nao hawajaondoka. Gati lake refu la kupakilia meli limekuwa mojawapo ya sehemu za kuzamia zinazopendwa kuliko zote, kwa sharti kwamba pasiwe na meli inayopakia.

Hifadhi ya Bahari ya Bonaire ilianzishwa mwaka 1979, kazi ya kuipanga ikifanywa na mtaalamu wa elimu ya bahari Tom van 't Hof kwa msaada wa Mfuko wa Dunia wa Wanyamapori. Mipaka yake ni rahisi kukumbuka: huzunguka kisiwa chote pamoja na kisiwa kidogo cha Klein Bonaire, kuanzia alama ya maji kujaa hadi kina cha mita 60, hekta 2,700 kwa jumla. Miaka michache baadaye fedha za wafadhili ziliisha, na hifadhi ikabaki ya makaratasi. Wazamiaji waliendelea kuongezeka bila askari wa kuwasimamia.

Kipindi hicho kibovu kilizaa kitu ambacho hifadhi nyingi za bahari zilikuja kukiiga. Serikali ya Uholanzi ilipotoa fedha za kuifufua hifadhi mwaka 1991, ilitaka kuwe na njia ya kujilipia. Van 't Hof na wanauchumi John Dixon na Louise Fallon Scura walichunguza mambo mawili: mwamba unaweza kuvumilia wazamiaji wangapi, na wazamiaji wako tayari kutoa kiasi gani. Juu ya la kwanza walikadiria kwamba sehemu moja ikipata zaidi ya mizamio 4,000 hadi 6,000 kwa mwaka, uharibifu huanza kuonekana. Juu ya la pili walikuta karibu kila aliyeulizwa angekubali kulipa dola 10 kwa mwaka, na wengi zaidi ya hapo. Wenye hoteli walikuwa na hofu kwamba wageni wangekimbilia visiwa vingine. Ada ya dola 10 ikaanza mwaka 1992. Mzamiaji alipewa kibati cha kufunga kwenye jaketi lake, na hakuna aliyekimbia. Fedha zilikwenda kwa shirika la STINAPA, linaloendesha hifadhi, bila kupitia hazina ya serikali, na hapo ndipo ilipokuwa siri ya mfumo: mlipaji aliweza kuona maboya na mashua ya doria alizozilipia. Pamoja na ada likaja sharti la maelezo kwa kila mgeni na mzamio wa kwanza wa majaribio karibu na duka, ili asiyeweza kuelea sawasawa aonekane kabla hajaukanyaga mwamba. Glavu zilikatazwa, kwa hoja kwamba mwenye mkono mtupu hashiki kitu.

Si kila kivutio kilitokana na mipango. Mwaka 1984 meli ya mizigo Hilma Hooker, yenye urefu wa mita 72 hivi, iliburutwa hadi Kralendijk ikiwa imeharibika. Maofisa walipoipekua walikuta nyuma ya ukuta wa uongo tani kadhaa za bangi. Ilishikiliwa kama ushahidi, mwenyewe hakujitokeza, na ilikuwa ikivuja. Kwa kuhofia isije ikazama na kuziba gati, ikavutwa kusini na kutiwa nanga. Tarehe 12 Septemba ikazama mahali pazuri kupita kiasi, kwenye mchanga kati ya miamba miwili, kina cha mita 30, ndani kabisa ya mipaka ya wazamiaji wa kawaida. Watu wamekuwa wakitabasamu juu ya bahati hiyo tangu wakati ule.

Hifadhi haikuweza kuzuia yaliyotoka nje. Mwaka 1983 ugonjwa ulioanzia Panama uliwaua karibu urchini wote wa miiba mirefu katika Karibi nzima, na mwani waliokuwa wakiula ukaanza kufunika mawe. Katika miaka hiyohiyo maradhi mengine yaliangamiza sehemu kubwa ya matumbawe yenye matawi ya mfano wa pembe. Bonaire iko kusini ya njia ya kawaida ya vimbunga, lakini Novemba 1999 kimbunga Lenny kilitembea kinyume cha desturi, kutoka magharibi kwenda mashariki, na mawimbi yake yakaipiga pwani ya demani ambayo haikuwa na kinga. Mwaka 2010 maji ya moto yalipausha matumbawe mengi. Mwaka huohuo kisiwa kilipiga marufuku kuvua pono, samaki anayetafuna mwani na hivyo kuyasafishia njia matumbawe machanga. Baadhi ya wavuvi waliona kwa haki kwamba wao ndio walioombwa kulipia makosa ambayo hayakuwa yao peke yao. Kisiasa pia mambo yalibadilika: tarehe 10 Oktoba 2010 Antili za Uholanzi zilivunjwa, Bonaire ikawa manispaa maalumu ya Uholanzi, na Januari 2011 ikaanza kutumia dola ya Marekani.

Tukio lililowagusa wazamiaji moja kwa moja lilikuwa lile la samaki simba. Makao yake ya asili ni Bahari ya Hindi, pwani ya Afrika Mashariki ikiwemo, na Pasifiki. Alifika Atlantiki kwa mikono ya watu, kupitia biashara ya samaki wa mapambo ya Florida. Huko Bonaire alionekana mara ya kwanza Oktoba 2009. Katika Karibi hana adui wa kutosha, hula samaki wachanga wa mwamba, na mawindo yake hayamjui kuwa ni hatari. Kumuua kwa wingi kulihitaji mkuki, na mkuki ulikuwa umekatazwa tangu mwaka 1971. Ufumbuzi ulikuwa kifaa kifupi cha kuchoma samaki aliye karibu, kisichofaa kuwindia kingine, ambacho hukabidhiwa wazamiaji wenye mafunzo na kibali tu. Watafiti walipolinganisha sehemu zilizowindwa na zisizowindwa walikuta tofauti kubwa. Hata hivyo samaki simba wako pia katika vina wasikofika wazamiaji, kwa hiyo kazi hiyo haina mwisho, na mikahawa ya Kralendijk imewaingiza kwenye orodha ya vyakula.

Tangu hapo kisiwa kimebadilika kwa kasi. Meli kubwa za utalii zilikuwa zikishusha mamia ya maelfu ya abiria kwa mwaka kufikia mwisho wa miaka ya 2010, wengi wao wasiozama kabisa. Nyumba zimeongezeka, na pamoja nazo maji machafu yanayopenya kwenye chokaa hadi baharini. Mtambo wa kuyasafisha ulijengwa ukiwa umechelewa. Tangu 2012 kuna vitalu vya matumbawe ya pembe, vipande vikining'inizwa kwenye fremu ndani ya maji hadi vikomae na kupandwa upya. Ada ya hifadhi imepanda mara kadhaa, na tangu 2023 kila mgeni anayetumia bahari, awe mzamiaji, mwogeleaji au mpiga kasia, hulipa dola 40 kwa mwaka, mbali na kodi ya kuingia ya dola 75 anayotozwa mgeni.

Machi 2023 wazamiaji waliokuwa Karpata, kaskazini-magharibi, waliona matumbawe makubwa ya mviringo yakiwa na mabaka meupe. Ulikuwa ugonjwa wa kupoteza nyama za matumbawe magumu, ulioonekana kwanza Florida mwaka 2014. Huua tumbawe la karne kadhaa ndani ya wiki au miezi. STINAPA ilifunga kwa muda sehemu zilizoathirika na kuagiza vifaa visafishwe kwa dawa kila baada ya kuzama, na wazamiaji wa kujitolea wakafundishwa kupaka dawa ya amoksisilini kwenye kingo za majeraha, tumbawe moja baada ya jingine. Miezi michache baadaye, mwaka huohuo, likaja joto kali na kupauka kwingine. Jaketi la kuelea, mtungi na kidhibiti vikawa vinatumbukizwa kwenye mapipa mawili nje ya maduka ya wazamiaji, moja la dawa na moja la maji matamu, kabla ya mgeni kuruhusiwa kupakia mitungi mingine kwenye pikapu.